Wilondja Alikuwa Mtoto wa Nani

Siku niliyorudisha ufunguo wa ofisi, vijana wa ofisi yetu ya Base Camp walininunulia keki na soda, wakanipa kitenge, kisha wakaniambia, "Mama Riziki, utuandikie basi. Ukienda hivi hivi, tutamuuliza nani?" Nikawaambia waulize kompyuta. Wakacheka, nami nikacheka, lakini nilipofika nyumbani maneno yale yalikataa kuniachia usingizi wa mchana. Basi ninaandika. Habari za vyeo na mishahara msizingoje hapa. Cheo changu kilibadilishwa jina mara nyingi na kazi ikabaki ile ile, na mshahara nyinyi wenyewe mnaupokea, mnaujua.

Kazi yetu ni kutafuta watu. Vita vikiingia kijijini kila mmoja anashika njia yake: mama anavukia Burundi, baba Tanzania, mtoto anatokea hapa Nakivale, kambi ya wakimbizi ya Uganda, amevaa shati la mtu asiyemjua. Mimi mwenyewe nilitoka Fizi, kule Kongo, vita vilipopamba moto mwaka wa tisini na sita, nikafika hapa na mwanangu Riziki mgongoni, nikaanza kuuza ndakala, wale samaki wadogo wakavu, pale sokoni. Siku moja kipaza sauti cha ofisi kiliharibika. Mkubwa wa ofisi alikuwa amenisikia nikibishana na mteja, naye alikuwa amekaa upande wa pili wa soko na mlango wake umefungwa. Akasema, "Yule mama wa samaki aitwe." Niliajiriwa kwa sababu ya koromeo, si kwa sababu ya kichwa. Kichwa kilikuja polepole, na aliyekileta ni Afande Kamugisha.

Afande alikuwa sajini mstaafu wa Makenke, ile kambi ya jeshi ya Mbarara. Mrefu, mweusi, suruali yake imepigwa pasi hata katika vumbi letu ambalo halimheshimu mtu. Jeshini alikuwa akishughulikia jamaa za askari waliokufa, kuhakikisha nani mtoto kweli na nani amekuja kujaribu bahati. "Askari kama iko hai, hana mtu," aliniambia asubuhi ya kwanza. "Hata shemeji hana. Akikufa tu, watoto nakuja na lori!" Kiswahili chake kilinichekesha sana, nami Kiswahili changu cha Kongo kilimchekesha yeye, kwa hiyo tulianza kazi tukiwa sare.

Siku hiyo hiyo waliniletea mtoto wa kike, mdogo, pua inamtoka. Nikamuuliza, "Mama yako anaitwa nani?" Akasema, "Mama." Nikauliza tena kwa sauti kubwa zaidi, kana kwamba tatizo lilikuwa masikioni mwake. "Mama!" naye akapaza. Tukaendelea hivyo mpaka watu waliokuwa wakingoja nje wakaanza kucheka. Afande akasogea, akaketi chini vumbini na suruali yake ya pasi, akamwambia taratibu, "Jirani kama nataka chumvi, naita mama yako namna gani?" Mtoto akafikiri. "Anasema, Mama Bitu, unipe chumvi." Nikatoka nje nikaliachia koromeo langu kazi yake. Mama Bitu alikuwa kwenye foleni ya maji. Nilipomweleza, jerikani ilimponyoka mkononi na maji yote yakamwagika, na hakuna mtu hata mmoja kwenye foleni ile aliyemgombeza.

Hapo nikaelewa kwamba nimepata mwalimu. Alinifundisha mengi, na karibu yote aliyasema akiwa ameinama chini. Jeshini alizoea kupanga jamaa za marehemu kwa vizibo vya soda juu ya meza. Mimi nikabadilisha nikatumia mahindi na maharage juu ya mkeka, mahindi wanaume, maharage wanawake. Hata mzee asiyesoma anaweza kukuonyesha ukoo wake mzima kwa njia hiyo, na akiona umemweka shangazi mahali pasipo pake atamsogeza mwenyewe kwa kidole, tena kwa hasira. Nyinyi mna michoro mizuri ya kwenye skrini. Sawa. Lakini sijaona bibi akiigombeza skrini.

Miaka ya kwanza tulitafuta watu walio hai. Baadaye, elfu mbili na kitu huko, vita vya Kivu vilipowaka tena, walianza kuja watu na makaratasi. Walikuwa wameyafunga katika nailoni, wameyashona ndani ya magodoro, mengine yamenyeshewa mpaka maandishi yamekuwa ukungu. Wakati huo Afande alikuwa ameshapumzika kabisa, anafuga ng'ombe wake wachache karibu na Mbarara. Ndipo likaja shauri la Wilondja, na kati ya yote niliyoyashika, hili ndilo ninalotaka mbaki nalo.

Aliyekuja ni kijana, Espoir, fundi wa baiskeli pale Base Camp. Mnyamavu, mikono yake ina mafuta ya mnyororo wakati wote, mpole hata kwa baiskeli mbovu. Alikuwa anataka kumwoa Neema, binti wa fundi cherehani wa kijiji jirani. Watu wote walikuwa wanajua, na watu wote walikuwa wanafurahi, jambo ambalo kambini si la kila siku. Basi baba yake Espoir akaenda na wazee kupiga hodi kwa wakwe. Na pale, kwa kujitapa tu, akatoa kadi ya ubatizo ya baba yake mzazi, marehemu Wilondja, ili wakwe waone kwamba wao si Wakristo wa juzi, ni Wakristo wa tangu mapadri wa kwanza. Baba Neema akavaa miwani. Akasoma: Paulo Wilondja, mwana wa Asukulu, na jina la kijiji. Akaivua miwani, akaifuta, akasoma tena. Asukulu wa kijiji kile alikuwa babu yake yeye, Baba Neema.

Kwetu, watu waliotoka kwa babu mmoja hawaoani. Haijalishi wamezaliwa nchi gani wala kama walijuana. Ni mwiko, na kizazi kinachotoka hapo watu wanakiogopa. Soda zikaachwa pale mezani, hazikunywewa. Baba Neema akasema kwa heshima kwamba mazungumzo yasimame, na ikiwa ni kweli, Neema atapelekwa Kyangwali, kambi nyingine ya mbali, kwa shangazi yake, ili vijana wasionane tena.

Baba Espoir alirudi nyumbani akapekua mizigo, akatoka na karatasi nyingine ya marehemu, kile kitabu cha utambulisho cha wakati wa Wabelgiji. Humo Wilondja ni mwana wa Etabo. Jina la Asukulu halimo kabisa. Akaja nacho ofisini, Espoir nyuma yake.

"Mama Riziki," alisema, "hii karatasi ya mapadri itaniulia mutoto. Hii ingine njo ya kweli. Baba yangu alikomalaka kwa Etabo, fasi yake yote ilikuwa kwa Etabo. Uwaambie."

Espoir alipoona baba yake amemaliza, ndipo akaniambia, "Mama, munatafutaka batu bote banapotea. Munitafutie baba ya koko wangu. Hata kama jibu ni mubaya." Koko kwetu ni babu au bibi.

Mkubwa wangu alisema hiyo si kazi ya ofisi, kwamba sisi tunatafuta walio hai. Nikamjibu kwamba hao wawili wako hai sana, ukitaka uwaone wanavyokonda. Akaniruhusu, kwa sharti nisitumie petroli ya ofisi.

Nikachukua karatasi zote mbili nikaenda Mbarara kwa Afande. Nilimkuta uani kwake, mkewe akatuletea bushera, ule uji wao wa mtama, katika vikombe vikubwa, na baada ya salamu zote za ng'ombe na watoto nikamwekea karatasi mapajani. Nilikuwa nimezichunguza kwa macho yangu yote, wino, mhuri, mwandiko. Yeye hakuzisoma. Aliinua ile ya kanisa.

"Hii nani aliandika?"

"Padri."

"Aliuliza nani?"

"Mama wa mtoto, nadhani. Watoto waliletwa na mama zao."

"Aliuliza nini?"

"Baba wa mtoto ni nani."

"Kale, sawa. Na hii ingine?"

"Karani wa Wabelgiji. Alimuuliza mzee wa kijiji, kwa sababu ya kodi."

"Aliuliza nini?"

Nikaitazama karatasi tena. Akanywa bushera yake, hana haraka. "Aliuliza huyu mtu ni wa nani. Wa nyumba gani. Nyabo, mama yangu, hiyo ni maswali mbili, wewe naona ni moja! Karatasi moja nasema kweli, ingine nasema kweli, sasa wewe natafuta mwongo wa nini?"

"Lakini Afande, mama anaweza kumdanganya padri. Na mzee anaweza kumdanganya karani."

"Anaweza. Kwa hiyo acha karatasi. Tafuta kitu ya kwenu, kitu ile mtu hawezi kufanya kama si mtoto wa huyo mzee. Sisi Banyankore tuko na yetu. Nyinyi Bacongomani muko na nini?"

Niliona aibu kidogo, mimi Mbembe wa Fizi kuulizwa mila zangu na Munyankore nikakosa la kusema. Jibu lilinijia kesho yake, nikiwa napepeta maharage. Nywele! Kwetu mtu akifa, siku ya kuondoa matanga watoto wake wote wananyolewa vichwa pamoja, mahali pamoja, kwa maji ya chombo kimoja. Aliye mbali anaitwa. Aliyegombana na baba yake anasamehewa na kuitwa. Mjomba wako akifa utalia, lakini hutanyolewa pamoja na watoto wake. Unaweza kuandika jina lolote katika karatasi, lakini wembe wa matanga haumgusi asiye mtoto.

Aliyebaki hai kati ya watoto wa Asukulu alikuwa mmoja tu, Koko Mauwa, shangazi yake Baba Neema. Macho yake yalikuwa yamefifia, lakini masikio yalisikia mpaka minong'ono ya jirani, na ulimi ulikuwa na makali yake yote. Yeye ndiye aliyemlea Neema tangu mama yake alipofia njiani wakati wa kukimbia. Walikuwa wanalala chumba kimoja, na Neema ndiye aliyekuwa akimpaka mafuta miguuni. Nikaomba familia zote mbili tukutane katika kanisa letu la miti na turubai, na katekista awepo, ili mtu asije akasema nilipika jibu jikoni kwangu.

Walikuja. Espoir alikuwa amenawa mikono, kwa mara ya kwanza niliona rangi ya kucha zake. Neema aliketi upande wa wanawake, ameinamisha kichwa, na kila baada ya muda anainua macho upande wa pili, kisha anayashusha. Nikatandika mkeka, nikapanga mahindi na maharage: Asukulu huku, Etabo kule, na katikati punje moja ya Wilondja isiyo na kwao. Nikawaeleza habari ya maswali mawili. Kisha nikamgeukia Koko Mauwa.

"Koko, Asukulu baba yenu alipokufa, siku ya kuondoa matanga ulikuwapo?"

"Nilikuwapo. Nilikuwa kijana, matiti ndiyo yanatoka."

Katekista akakohoa.

"Watoto wake walinyolewa wote?"

"Wote. Na miye."

"Wilondja alinyolewa?"

Nilisikia turubai likipigapiga kwa upepo. "Hapana," akasema. "Wilondja hakunyolewa."

Loo! Kanisa liliinuka. Mama mmoja akapiga vigelegele, Baba Espoir akarusha kofia juu, katekista akasema ameni kabla hata hajaulizwa. Baba Neema alishusha pumzi ndefu mno, maana naye alikuwa akimpenda yule kijana. Neema alijiziba mdomo kwa mikono miwili na machozi yakapita kati ya vidole. Na mimi, wacha niseme ukweli, nilijiona mtu wa maana. Nikachukua punje ya Wilondja nikaiweka kwa Etabo, nikaanza kukusanya nyingine.

"Mukae chini," Koko Mauwa akasema. "Mama Riziki, acha mahindi yako. Hujaniuliza kwa nini."

Watu wakaketi, wengine bado wanatabasamu.

"Ile siku Wilondja alikuya. Alibeba kuni kwa bega, kama vile mutoto mwanaume anabebaka kwa matanga ya baba yake. Akaziweka chini, akakuya pale batoto banakaa, akainama kichwa. Kaka yetu mukubwa akamuambia: wewe toka, wewe ni mutu wa Etabo. Baba hakupelekaka mbuzi za mahari kwa mama yako. Etabo alikuwa baba ya mama yake, munasikia? Mbuzi hazikwendaka, kwa hiyo mutoto alibakia kwa bajomba, akaandikwa kwao. Njo desturi, siikatai. Lakini baba yetu akiwa mugonjwa alikuwa anamuita 'mwana wangu', na miye nilikuwa naleta uji, nilisikia. Mbuzi hazikwendaka. Lakini mutoto alikuya." Akapumua. "Wilondja alisimama inje ya lupango, inje ya ua yetu, na nywele zake kwa kichwa, akalia kutupita siye wote. Ule alikuwa kaka yangu."

Kisha Baba Espoir akasimama, sauti yake imepasuka. "Koko! Ungenyamaza tu! Ulikuwa umeshasema hapana, kila mutu alisikia, ungenyamaza tu!"

"Ningenyamaza, bangezaa," akajibu. "Na bangeniletea ule mutoto nimubebe kwa hii mikono, na miye najua. Muniombee msamaha kwa Mungu, lakini siwezi."

Alisema hayo huku ameushika mkono wa Neema, na Neema hakuuondoa. Nimekaa katika kazi hii na watu wengi hodari, nimeona maofisa waliopita usiku msituni kwenda kuleta watoto wa wenzao. Sijaona ujasiri kama wa bibi yule. Hapakuwa na mtu mwingine duniani aliyejua. Alimpenda mtoto yule kuliko macho yake yaliyobaki, na kwa neno moja alilokuwa ameshalisema angempa kila alichokitaka. Nililia mbele ya watu, mimi niliyekuja na jibu langu kifuani.

Neema alianza kufungiwa mizigo ya Kyangwali. Espoir alifungua kibanda chake kila siku, akaziba pancha, akakaza breki. Nilipita pale nikamwambia pole. Aliniambia tu, "Aksanti, Mama. Niliomba jibu, hata mubaya." Nilikwenda Mbarara kumwambia Afande, nikidhani atafurahi kwamba maswali yake mawili yalikuwa sawasawa. Hakufurahi. Alitikisa kichwa, akasema, "Banange. Sasa huyo mzee Wilondja, nani atanyoa?"

Sikumwambia Koko Mauwa maneno hayo, naapa. Yalimjia mwenyewe. Kabla Neema hajaondoka, alimtuma Baba Neema kwa watu wa Wilondja, kuwaambia waje wanyolewe kwa ajili ya Asukulu, wao walio hai kwa niaba ya marehemu, ili deni la wembe liishe. Baba Espoir alikataa katakata. "Banakamata mukwe wangu, sasa banataka na nywele zangu!" Watu wakamwacha apoe. Aliyemleta ni Espoir. Alimwambia baba yake kwamba mzee aliyelia nje ya lupango alikuwa anataka kuingia, na sasa mlango umefunguliwa, wao ni nani hata waukatae kwa niaba yake.

Tulikutana uani kwa Baba Neema, asubuhi, watu si wengi. Baba Espoir alinyolewa kwanza, na wembe ulipomgusa alilia kama mtoto, akaita jina la baba yake. Mizigo ya Neema nilikuwa nimeiona mlangoni nilipoingia. Baba Neema aliibeba mwenyewe akairudisha ndani, maana hakuna anayemficha dada asionekane na kaka yake. Ikafika zamu ya Espoir. Koko Mauwa aliushika wembe lakini macho yake hayakumtosha, akauliza nani atalowesha kichwa cha mtoto. Wanawake wakatazamana. Neema akatoka nyuma yao na beseni la maji. Alikuwa amevimba macho. Akasimama mbele ya Espoir, na kwa muda wakatazamana kama watu wanaoagana.

"Inama, kaka," akamwambia.

Espoir akainama.